Dalili si Ushahidi: Gharama ya Kisasi katika Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Riwaya ya upelelezi ni miongoni mwa tanzu za fasihi andishi ya Kiswahili zilizojipatia wasomaji wengi na wahakiki wachache. Kwa muda mrefu imewekwa katika fungu la fasihi pendwa, yaani fasihi ya kuburudisha na kupitisha wakati, na maswali mazito ya maadili yakaachiwa riwaya za akina Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi. Mgawanyo huo una kasoro. Swali la nani ana haki ya kumhukumu mwenzake, na kwa ushahidi wa namna gani, linaweza kupita pembeni mwa riwaya nyingi zinazohesabiwa kuwa nzito. Katika riwaya ya upelelezi swali hilo haliwezi kukwepwa, kwa sababu utanzu wenyewe umejengwa juu yake. Pasipo kosa, mshukiwa na hukumu, hakuna hadithi.

Makala haya yanachunguza namna riwaya hiyo inavyolishughulikia suala la kujichukulia sheria mkononi, yaani pale mhusika mkuu anapoamua mwenyewe nani ana hatia, kisha akamwadhibu bila mahakama. Dai linalotetewa ni kwamba gharama ya kimaadili ya tendo hilo haionekani katika sehemu kubwa ya riwaya hizi kwa sababu ya mbinu moja ya kifani: msimulizi humdhaminia msomaji hatia ya mshukiwa kabla risasi haijatoka. Msomaji akishapewa dhamana hiyo, kisasi kinakuwa cha bure. Uchunguzi unafanywa kwa kutazama kutoka upande wa Mangina, Beni na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo hukumu ya namna hiyo haikubaki vitabuni, na ambapo msimulizi wa kumdhamini mtu yeyote hakupatikana.

2. Somo la maneno mawili

Mangina ni mji mdogo katika wilaya ya Beni, umbali wa kilomita 30 hivi magharibi ya mji wa Beni, katika nchi ya mashamba ya kakao na kahawa. Jina lake lilisikika duniani kote tarehe 1 Agosti 2018, serikali ya Kongo ilipotangaza mlipuko wa Ebola ambao kitovu chake cha kwanza kilikuwa hapo. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeambukiza watu zaidi ya 3,400 na kuua zaidi ya 2,200.

Katika miezi hiyo maneno mawili ya Kiswahili yalitamkwa kila siku: dalili na mshukiwa. Homa, kutapika, kuharisha, maumivu ya mwili: hizo zilikuwa dalili, lakini zilikuwa pia dalili za malaria na za homa ya matumbo. Mwenye dalili aliitwa mshukiwa. Hakuitwa mgonjwa wa Ebola mpaka maabara iseme. Na kama kipimo kilichofanywa mapema hakikuona virusi, utaratibu ulitaka apimwe tena baada ya saa 48 kabla ya kuruhusiwa. Washukiwa wengi walipimwa, wakaonekana hawana ugonjwa, wakarudi makwao. Kwa hofu na kwa msiba, watu wa eneo hili walifundishwa kwamba dalili ni kitu kimoja na uthibitisho ni kitu kingine, na kwamba kati ya viwili hivyo pana muda usioweza kurukwa.

Maneno hayohayo mawili ndiyo nguzo za riwaya ya upelelezi. Mpelelezi hukusanya dalili. Mbele yake wamo washukiwa. Methali inasema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na hakuna anayeipinga. Lakini mkulima wa milima ya Butembo anajua kwamba si kila wingu linaleta mvua, na hawezi kuianika kahawa yake au kuianua kwa kuitegemea methali peke yake. Methali imetoa dalili, haikutoa hukumu.

Miaka minne kabla ya Ebola, somo hilo lilikuwa limekosekana kwa namna ya kutisha. Mnamo Oktoba 2014 mauaji ya raia yalianza kuandama mji wa Beni na vijiji vya jirani, na hasira dhidi ya waasi walioshutumiwa ikawa kubwa kama woga wenyewe. Tarehe 31 ya mwezi huo umati mjini Beni ulimpiga mawe kijana mmoja mpaka akafa, kisha ukamchoma moto. Taarifa za habari za wakati huo, zikiwanukuu mashuhuda, zilieleza kwamba alikuwa ametiliwa shaka ndani ya basi kwa mambo mawili: hakuweza kusema Kiswahili cha wenyeji, na alikuwa na panga. Taarifa hizo zilieleza na mengine ambayo hayana haja ya kurudiwa hapa.

Mambo hayo mawili yanapaswa kutazamwa kwa utulivu ambao umati haukuwa nao. Panga, katika nchi ya kakao, ni mali ya kila mtu aendaye shambani. Ama kutojua Kiswahili, hilo linamgusa moja kwa moja mwanafunzi wa lugha. Katika vijiji vya Beni na Lubero wamo wazee waliozaliwa, wakaoa na kuzeeka kwa Kinande, na Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi tu. Lugha iliyoenea kwa sababu ya kuwakutanisha watu wasiofahamiana iligeuzwa siku ile kuwa kipimo cha kumtambua adui. Jambo hilo si geni katika historia. Kitabu cha Waamuzi, katika sura ya 12, kinasimulia habari za watu waliouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno Shibolethi. Huko pia masikio yalikuwa mahakama, na ulimi ukawa shahidi dhidi ya mwenyewe.

Kwa istilahi za riwaya ya upelelezi, umati wa Beni ulifanya kazi ya mpelelezi. Uliona dalili mbili, ukaziunganisha, ukafikia jawabu. Kilichokosekana ni muda, na nafasi ya kugundua kwamba umekosea. Kwa kipimo hicho ndipo riwaya za Kiswahili zinapaswa kusomwa upya.

3. Kiko na bastola

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina mikondo miwili mikubwa, na tofauti yake inaonekana katika vitu ambavyo mashujaa wake hushika mkononi. Mkondo wa kwanza ni wa kiko. Wa pili ni wa bastola.

Mkondo wa kiko uliasisiwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda katika mashindano ya utungaji wa hadithi. Kilifuatwa na vingine, vikiwamo Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974). Shujaa wake, Bwana Msa, si askari. Ni mtu wa kufikiri, mwenye kiko chake, mwenye rafiki wa kuzungumza naye, Najum, na mwenye kushirikiana na Inspekta Seif wa polisi. Wahakiki wamezoea kumlinganisha na Sherlock Holmes, na ulinganisho huo ni wa haki; lakini unaficha jambo lenye uzito zaidi kwa mada hii. Katika mazingira ambamo watu wako tayari kusema kwamba kifo kimeletwa na mzimu au na wachawi wa Giningi, Bwana Msa anakataa jawabu la haraka. Anauliza, ananyamaza, anauliza tena. Kazi yake huishia kwenye kueleza. Kuadhibu si kazi yake. Hata jina la kitabu cha mwaka 1984, Kosa la Bwana Msa, linakubali wazi kwamba mpelelezi ni mtu awezaye kukosea.

Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliuhamishia upelelezi Dar es Salaam na kumkabidhi Inspekta Wingo, mtu wa polisi. Mwendo wa hadithi uliongezeka, taharuki ikapanda, simu ikachukua nafasi ya mzimu. Hata hivyo dola bado ilikuwa mahali pake: aliyepeleleza alikuwa mtumishi wa sheria.

Mkondo wa bastola ulishika nguvu katika miaka ya 1970. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, jasusi wa Tanzania, katika Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979), Njama (1981) na Hofu (1988). Mashujaa hawa hawakuzuka hewani. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963, na mjini humo Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Msomaji aliyeyaishi hayo hakuhitaji kushawishiwa kwamba adui yupo na kwamba anaua. Kwa msomaji wa Kongo, Kikosi cha Kisasi kina mvuto wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya matukio yake inatukia Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Zaire ya riwaya hiyo ni uwanja ambamo watu wa mataifa mengine huja kulipa na kulipizana. Na kichwa cha kitabu hakikuficha kitu. Hakikusema kikosi cha uchunguzi wala cha sheria, kilisema kisasi.

Ben Mtobwa aliufikisha mkondo huu mbali zaidi. Joram Kiango, shujaa wa vitabu kama Salamu kutoka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu?, hana hata cheo cha serikali cha Willy Gamba. Ni mpelelezi wa kujitegemea. Inspekta Kombora wa polisi mara humtegemea, mara humlalamikia. Na uhusiano huo wa wawili hawa ndio picha kamili ya dola isiyojiamini: inahitaji mkono ulio nje ya sheria ufanye kile ambacho mkono wake wenyewe umeshindwa kufanya, kisha inaushangilia. Ikumbukwe kwamba vitabu hivi viliibuka katika miaka ambayo Tanzania ilikuwa imechoka na magendo na uhaba wa bidhaa. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi na kuunda chombo maalumu cha kuwahukumu nje ya mahakama za kawaida. Hamu ya hukumu ya haraka ilikuwa mitaani na serikalini kabla haijafika dukani katika umbo la kitabu.

4. Msimulizi kama mdhamini

Kosa kubwa la wahakiki wanaoushutumu mkondo wa bastola ni kuhesabu maiti. Wingi wa maiti haupimi chochote. Tenzi za vita zina maiti wengi zaidi. Jambo la kuchunguzwa ni namna kila kifo kinavyoandaliwa kabla hakijatokea.

Maandalizi hayo yana hatua zinazojirudia. Kwanza, msimulizi humwingiza msomaji katika kikao cha maadui na kumsikilizisha njama zao. Hivyo msomaji anajua hatia yao kwa masikio yake mwenyewe, kabla hata shujaa hajaijua. Pili, adui hupewa kauli ya kujigamba: hakatai tendo lake, analifurahia. Tatu, adui ndiye huanza kuinua silaha, na shujaa anajibu tu. Hatua hizi tatu zikikamilika, risasi ya shujaa haina uzito wa kimaadili. Haiwezi kumpata asiyehusika, kwa sababu mtunzi hakumweka asiyehusika katika njia yake. Haiwezi kujutiwa, kwa sababu hakuna shaka iliyobaki ya kuilisha majuto.

Mbinu hii si ya Kiswahili peke yake, wala si ya watunzi wa daraja la chini. Agatha Christie, katika Murder on the Orient Express (1934), aliwaacha watu kumi na wawili wamuue mtu mmoja ndani ya gari moshi, na mpelelezi Poirot, baada ya kugundua ukweli, akakubali wapewe polisi maelezo mengine ili wauaji waende zao. Idadi ya kumi na wawili si ya bahati. Ni idadi ya wazee wa baraza katika mahakama za Kiingereza. Lakini umati huo uliovaa joho la mahakama unakubalika kwa msomaji kwa sababu moja tu: mtunzi amehakikisha bila shaka yoyote kwamba aliyeuawa ndiye aliyemteka na kumuua mtoto. Ondoa dhamana hiyo, na kitabu kizima kinageuka kuwa simulizi la watu kumi na wawili waliomchoma kisu mgonjwa wa usingizi.

Hapa ndipo basi la Beni linapokutana na gari moshi la Christie. Watu waliokuwa ndani ya basi lile walikuwa na msiba wa kweli, hasira ya kweli na dalili mbili za kweli. Hawakuwa na msimulizi. Hakuna aliyekuwa amewaingiza katika kikao cha maadui na kuwasikilizisha njama. Waliijaza wenyewe nafasi ya msimulizi kwa uvumi, na uvumi katika nyakati za woga husema kwa sauti ya uhakika kuliko ushahidi. Methali nyingine ipo tayari kuutetea: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Haidaiwi hapa kwamba yeyote katika umati ule alikuwa amemsoma Willy Gamba au Joram Kiango. Kudai hivyo kungekuwa kuangukia kosa lilelile la kugeuza dalili kuwa ushahidi. Linalodaiwa ni dogo zaidi, na labda ni gumu zaidi kulikwepa: kwamba fasihi ambayo miaka nenda rudi inamzoesha msomaji kufurahia adhabu isiyo na shaka, haimsaidii kitu siku anaposimama mbele ya mshukiwa ambaye shaka imemjaa tele.

5. Gharama iliyofichwa

Gharama ya kisasi ina sehemu tatu ambazo riwaya iliyo na msimulizi-mdhamini haiwezi kuzionyesha.

Ya kwanza ni gharama ya kumkosa mwenye hatia. Mwandishi wa Marekani Brian Garfield alitoa riwaya yake Death Wish mwaka 1972, na filamu iliyotokana nayo ikatoka mwaka 1974, Charles Bronson akiwa mlipiza kisasi. Wengi wanaoikumbuka filamu husahau jambo lililo wazi katika hadithi yenyewe: mume huyo aliyefiwa hawapati kamwe wale waliomshambulia mkewe na binti yake. Anaowaua ni wengine. Wana makosa yao, lakini deni analolidai si lao. Garfield hakupendezwa na namna filamu ilivyomshangilia mtu huyo, na mwaka 1975 akatoa kitabu cha pili, Death Sentence, kupinga njia hiyo. Ni nadra mtunzi wa fasihi pendwa kusimama hadharani kuisahihisha furaha ambayo hadithi yake imewapa watu.

Ya pili ni gharama ya ukweli. Mshukiwa aliyeuawa hasemi. Kama kijana wa Beni alikuwa mwasi, alikwenda na majina ya waliomtuma, njia walizopita na mipango yao. Kama hakuwa mwasi, alikwenda na jina lake. Kwa vyovyote vile, walioendelea kuuawa katika vijiji vya Beni hawakufaidika kwa kifo chake. Mpelelezi wa mkondo wa kiko anaijua siri hii: mtu aliye hai ni kitabu, na aliyekufa ni jalada tu. Shujaa wa bastola hupoteza mashahidi wake kila sura, na mtunzi hulazimika kumpatia wengine.

Ya tatu ni gharama inayomwangukia mlipizaji mwenyewe, nayo imeonyeshwa vizuri kuliko popote katika Afrika ya Mashariki na Ngũgĩ wa Thiong'o katika Petals of Blood (1977). Kwa kawaida riwaya hiyo husomwa kama riwaya ya siasa. Lakini kiunzi chake ni cha upelelezi. Matajiri watatu wamekufa katika moto mjini Ilmorog, Inspekta Godfrey anafika, na washukiwa wanahojiwa mmoja mmoja. Mwishoni inafahamika kwamba Munira, mwalimu, ndiye aliyeichoma nyumba, akiamini kwamba anatii amri ya Mungu ya kumwokoa Karega na mwanamke aitwaye Wanja. Msomaji ana kila sababu ya kuwachukia waliokufa. Ni wanyonyaji, na mmoja wao, Kimeria, alikuwa ameyaharibu maisha ya Wanja tangu usichana wake. Hata hivyo Ngũgĩ hampi msomaji raha ya kushangilia. Mtia moto hakuwa akiwaadhibu wanyonyaji. Alikuwa anafuata hakika yake ya kidini, na alikaribia kumuua Wanja mwenyewe. Wanja naye alikuwa amempiga Kimeria kwa panga kabla ya moto, na jambo hilo mpelelezi halijui. Sheria imemkamata mtu, imeijua nusu ya ukweli, nusu nyingine imebaki moyoni mwa mwanamke atakayeibeba siku zote. Hapo kisasi kina bei, na anayelipa anaonekana.

Historia imetoa ushahidi wake pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Kahama na sehemu nyingine za Unyamwezi na Usukuma, wanavijiji waliounda Sungusungu walikuwa na kisa cha haki: ng'ombe waliibwa, majambazi walikuwa na bunduki, na wezi waliokamatwa walirudi kijijini kabla ya walalamikaji. Sungusungu walipunguza wizi, chama na serikali vikawaunga mkono, na mwaka 1989 wakapewa nafasi katika sheria. Lakini ziliandamana nao habari za washukiwa waliopigwa na kuuawa, na miongoni mwa walioandamwa walikuwamo wanawake walioshutumiwa uchawi. Upande wa Kivu, vikundi kadhaa vilivyoanza kwa jina la kujilinda viliishia kuweka vizuizi njiani na kumtoza mkulima sehemu ya mavuno yake. Mkono uliopewa ruhusa ya kuadhibu bila kuulizwa hauna sababu ya kujifunga wenyewe. Ajabu ni kwamba riwaya ya bastola, iliyo hodari wa kubuni njama, haikuibuni njama hii: shujaa anayeugeukia mtaa aliouokoa.

6. Haki ya msomaji

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Inaweza kusemwa kwamba ni rahisi kwa mhakiki kutetea muda na mahakama, lakini msomaji wa Mangina anaishi mahali ambapo mahakama iko mbali, polisi hawana gari, na shahidi anayejitokeza mchana anatembelewa usiku. Hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza kutumika katika Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, mashauri ya jinai ya raia yalihamishiwa mahakama za kijeshi, na mkulima mwenye shtaka akazidi kuwa mbali na hakimu. Kwa mtu kama huyo, Joram Kiango ni faraja: angalau katika kurasa hizi mia mbili mwovu atapatikana na kulipa.

Pingamizi hili ni la kweli na halifai kudharauliwa. Njaa ya haki si dhambi, na fasihi pendwa inastahili heshima kwa kuisikia njaa hiyo kabla ya wengi wenye vyeo. Lakini mtu mwenye njaa hasaidiwi kwa kuaminishwa kwamba kila uyoga unalika. Palipo na mahakama imara, riwaya ya kisasi ni mchezo wa kuwaza, maana msomaji akifunga kitabu yuko askari wa kumzuia asiuigize. Palipo na mahakama dhaifu hakuna anayemzuia isipokuwa dhamiri yake. Kwa hiyo ni hukohuko, ambako faraja ya Joram inahitajiwa zaidi, ndiko gharama ya kisasi inakopaswa kuonyeshwa waziwazi zaidi.

Wala si kweli kwamba mahali pasipo hakimu wa serikali hapakuwa na muda wa kusikiliza. Wanande walikuwa na kyaghanda, mahali pa wazee kuketi na kuyapima mashauri ya watu. Uzuri wa kikao ni kwamba kinamlazimisha mwenye hasira kukaa chini na kumsikia mwenzake akisema. Umati husimama.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imepita kutoka kwenye kiko hadi kwenye bastola, na kwamba katika safari hiyo ilipoteza kitu ambacho hakikutambuliwa mara moja. Haikupoteza maadili, kwa maana Willy Gamba na Joram Kiango ni watu wenye msimamo, wapenda nchi, wachukia dhuluma. Ilipoteza shaka. Na shaka, katika utanzu huu, ndiyo maadili yenyewe. Ni ule muda wa saa 48 kati ya dalili na jina la ugonjwa.

Kwa mtunzi wa Kiswahili atakayetokea Beni, Butembo au Mangina kuna kazi ambayo Zanzibar na Dar es Salaam hazikuimaliza. Mwendo wa Mtobwa hauna haja ya kuachwa, wala taharuki ya Musiba. Linalotakiwa ni kumnyima msimulizi dhamana yake: aandikwe mshukiwa ndani ya basi, mwenye panga la shambani na ulimi mzito wa Kiswahili, na msomaji asiambiwe yeye ni nani. Abiria waanze kunong'ona, dereva apunguze mwendo, mwenye kupoteza ndugu wiki iliyopita asimame kitini. Msomaji ashike kitabu akijua kwamba hata yeye hajui.

Riwaya ya namna hiyo itaweza kusomwa kwa pumzi moja, kama fasihi pendwa inavyotakiwa kusomwa. Itakapofungwa, msomaji atakuwa amejifunza kile ambacho wauguzi wa Mangina walikifundisha kwa vitendo katika mwaka wa 2018: kwamba mshukiwa ni mtu anayengoja jibu, na kwamba anayemngojea hukosa usingizi, lakini hana damu mikononi.